Kisukari na Kisu: Historia ya Jambo Lililoonwa Mara Nyingi Likasahauliwa

Mnamo Septemba 1870 majeshi ya Prussia yaliuzingira mji wa Paris, na kwa zaidi ya miezi minne wakazi wake waliishi kwa mgawo. Farasi walichinjwa, panya na paka waliuzwa buchani, na hata tembo wawili wa bustani ya wanyama waliishia katika masufuria ya wenye fedha. Wanahistoria wa siasa huikumbuka njaa hiyo kwa kuwa ilitayarisha njia ya Komyuni ya Paris ya 1871. Mimi leo naikumbuka kwa sababu nyingine. Katika mji huo alikuwapo Apollinaire Bouchardat, mfamasia na profesa wa elimu ya afya, ambaye alikuwa na wagonjwa wa kisukari chini ya uangalizi wake. Aliona kwamba mgawo wa chakula ulipopungua, sukari ilitoweka katika mkojo wa baadhi yao. Watu waliohesabiwa kuwa na ugonjwa usiopona walikuwa wanapata nafuu kwa sababu ya vita.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Hapa nchini mazungumzo juu ya unene uliokithiri, kisukari na upasuaji wa kupunguza uzito yamekuwa mengi, na karibu yote huchukulia kwamba jambo hili ni jipya, ni la matajiri, na ni la urembo. Mimi ni mwalimu, si tabibu, na sitampa mtu ushauri wa tiba. Ninachoweza kufanya ni kuonyesha kwamba ujuzi tunaouita mpya una umri wa karibu miaka 150, kwamba ulionwa na kupotea zaidi ya mara moja, na kwamba sababu za kupotea kwake zinahusu taasisi na mamlaka kuliko zinavyohusu mwili wa binadamu.

Baada ya Bouchardat, wazo la kumtibu mgonjwa kwa kumpunguzia chakula lilidumu kwa miongo kadhaa. Lilifikia kilele chake kichungu kwa Frederick Allen wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, ambaye kuanzia miaka ya 1910 aliwanyima chakula wagonjwa wake, watoto kwa wazee, hadi sukari ikome katika mkojo. Wakati huo kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa mmoja. Kwa mtu mzima mnene, njaa ya Allen ilikuwa tiba. Kwa mtoto ambaye kongosho lake halikutoa insulini kabisa, ilikuwa ni kuahirisha kifo kwa kumgeuza mifupa. Elizabeth Hughes, binti wa mwanasiasa mashuhuri wa Marekani Charles Evans Hughes, alipofikishwa Toronto mwaka 1922 akiwa na takriban miaka 15, uzito wake ulikuwa kama kilo 20.

Aliokolewa na insulini. Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod walikuwa wameipata katika Chuo Kikuu cha Toronto kati ya 1921 na 1922, na sina haja ya kuisimulia upya hadithi inayojulikana. Ninalotaka kulitaja ni athari yake kwa kumbukumbu. Insulini ilikuwa ushindi mkubwa mno hata ikafunika yote yaliyotangulia. Kisukari sasa kilikuwa upungufu wa kitu kimoja, na tiba yake ilikuwa kukiongeza kitu hicho. Mambo ambayo Bouchardat aliyaona Paris yakawa habari ya kale, ya enzi za kutojua. Ilichukua hadi mwaka 1936 kwa Harold Himsworth wa London kuonyesha kwamba wako wagonjwa ambao miili yao huipokea insulini vizuri na wako wengine ambao miili yao huikaidi. Na ilichukua hadi mwaka 1960 kwa Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliokuwa wakifanya kazi katika hospitali ya serikali ya maveterani huko Bronx, New York, kuchapisha njia ya kupima insulini katika damu na kuthibitisha kwamba wagonjwa wengi waliopata kisukari ukubwani walikuwa nayo, tena ya kutosha au kuzidi. Yalow alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufa.

Wakati madaktari wa magonjwa ya ndani wakigombana na insulini, wapasuaji walikuwa wakiona mambo yao. Mwaka 1925, katika jarida la Lancet, tabibu Otto Leyton aliandika kuhusu mgonjwa ambaye baada ya kupasuliwa tumbo kwa sababu ya vidonda, sukari ilitoweka katika mkojo wake. Mwaka 1955 kundi jingine la madaktari wa Marekani likaripoti wagonjwa wachache wa kisukari ambao hali yao ilibadilika upesi baada ya kuondolewa sehemu kubwa ya tumbo, tena kabla uzito wao haujapungua kwa kiasi cha kueleza mabadiliko hayo. Makala hizo zilichapishwa, zikasomwa na wachache, zikawekwa rafuni. Hakuna aliyezificha. Hazikuwa na mwenyewe tu: mpasuaji aliona kwamba kisukari si shamba lake, na daktari wa kisukari hakuwa na desturi ya kusoma majarida ya wapasuaji. Yeyote aliyefanya kazi katika wizara zetu, ambamo idara mbili zinaweza kukaa ghorofa moja miaka 10 bila kusomeana mafaili, atauelewa ugonjwa huu bila kuhitaji maelezo zaidi.

Upasuaji wa kupunguza uzito wenyewe ulizaliwa mahali pengine na kwa nia nyingine. Mwaka 1954 Arnold Kremen na wenzake wa Minnesota walieleza njia ya kuuruka karibu utumbo mwembamba wote, ili chakula kipite bila kufyonzwa. Watu walikonda. Pia waliharisha bila kukoma, wakapata mawe ya figo, na baadhi yao maini yao yaliharibika hadi kufa. Njia hiyo ilienea katika miaka ya 1960 na 1970 kabla ya kuachwa, na doa lake limebaki hadi leo. Naamini hatuwezi kuelewa woga wa madaktari wengi juu ya upasuaji huu tusipokumbuka kwamba waliofundishwa katika miaka hiyo waliwaona wahanga wake kwa macho yao. Woga huo ulikuwa na haki.

Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuja na njia tofauti. Alikuwa ameona kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda walipungua na kubaki wembamba, nao hawakuwa na maafa ya njia ya Minnesota. Mwaka 1966 yeye na Chikashi Ito wakaanza kufanya upasuaji wa kuligawa tumbo, wakabakiza mfuko mdogo juu na kuuunganisha na utumbo chini zaidi, ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo pamoja na mwanzo wa utumbo mwembamba. Njia hiyo imeboreshwa mara nyingi, lakini mantiki yake ndiyo hiyo hiyo hadi leo.

Sasa tufike Greenville, mji mdogo mashariki ya North Carolina, kwenye eneo la wakulima ambako unene na kisukari vilikuwa vimezagaa. Mpasuaji Walter Pories wa Chuo Kikuu cha East Carolina alianza kufanya upasuaji wa aina ya Mason mwaka 1980. Shabaha ilikuwa uzito. Lakini wagonjwa wa kisukari walioingia wodini na sindano zao za insulini walianza kuonyesha sukari ya kawaida ndani ya siku chache tu, wakiwa bado na karibu uzito wote waliokuja nao. Pories na wenzake hawakukimbilia kutangaza. Walifuatilia watu 608 kwa miaka 14, na mwaka 1995 wakachapisha matokeo katika Annals of Surgery: kati ya wagonjwa 146 wa kisukari cha aina ya pili, 121, yaani asilimia 83, walirudi katika kiwango cha kawaida cha sukari na kubaki humo. Kichwa cha makala hiyo kilikuwa swali la mshangao, kana kwamba waandishi wenyewe hawakuamini walichokipata.

Madaktari wengi wa kisukari waliipokea kwa shingo upande, na si kwa ukaidi mtupu. Makala haikuwa na kundi la kulinganisha. Hakuna aliyepigiwa kura ya kupasuliwa au kutopasuliwa. Isitoshe, ilipendekeza jambo lililosikika kama kejeli: kwamba ugonjwa ambao vitabu vyote viliuita wa kudumu na wa kuzidi kuharibika unaweza kutulia kwa sababu mtu amehamisha bomba. Kukubali hilo kulimaanisha kuuliza swali baya zaidi. Ikiwa ugonjwa huu unaweza kutulia, je, ni wangapi wamekatwa miguu na kupofuka huku wakiambiwa kwamba hakuna la kufanya isipokuwa kuongeza dozi?

Ushahidi uliofuata ulikuja polepole. Nchini Sweden, Lars Sjöström alikuwa ameanza mwaka 1987 utafiti uliolinganisha watu 2,010 waliopasuliwa na 2,037 waliopata huduma ya kawaida. Mwaka 2007 walitangaza kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao. Kuhusu kisukari, utafiti huo ulitoa somo ambalo watangazaji wa upasuaji hawapendi kulirudia: baada ya miaka 2, asilimia 72 ya waliokuwa na kisukari walikuwa wametulia, lakini baada ya miaka 10 walibaki asilimia 36. Ugonjwa ulikuwa na tabia ya kurudi.

Kisha akaja Mtaliano Francesco Rubino na swali la busara. Je, ni kukonda kunakotuliza kisukari, au ni ule utumbo uliorukwa? Akiwa Strasbourg, Ufaransa, aliwachukua panya wa ukoo fulani ambao huugua kisukari bila kuwa wanene, akawarusha mwanzo wa utumbo mwembamba bila kuwapunguza tumbo. Uzito wao haukutofautiana na wa wenzao, lakini uwezo wao wa kuhimili sukari ulikuwa bora. Matokeo hayo ya 2004 yaliufanya utumbo, ambao sote tulifundishwa kuwa ni bomba la kupitisha chakula, uonekane kuwa tezi kubwa inayotuma homoni kwa ubongo na kongosho.

Mwaka 2012 zikaja tafiti mbili za kura zilizokuwa zikingojewa, na zote zikachapishwa katika New England Journal of Medicine. Ile ya Cleveland, iliyoongozwa na Philip Schauer, ilikuwa na wagonjwa 150. Baada ya mwaka mmoja, waliofikia kiwango cha sukari kilichokusudiwa walikuwa asilimia 12 kwa dawa peke yake, 42 kwa upasuaji wa kuruka utumbo na 37 kwa ule wa kulipunguza tumbo kuwa kama mkono wa shati. Baada ya miaka 5 tarakimu hizo zilikuwa 5, 29 na 23. Ile ya Roma, ya Geltrude Mingrone, ilikuwa na wagonjwa 60 na ilionyesha mwelekeo huo huo kwa nguvu zaidi. Mwaka 2016 taasisi 45 za kitabibu duniani ziliidhinisha mwongozo uliouingiza upasuaji katika orodha ya tiba za kisukari cha aina ya pili. Miaka 91 ilikuwa imepita tangu makala ya Leyton.

Hapa ndipo waandishi wengi huishia, na ndipo mimi naona jambo linaanza kuvutia. Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, alisoma habari za waliopasuliwa akajiuliza kitu ambacho Bouchardat angekielewa papo hapo: mtu aliyetoka chumba cha upasuaji hali karibu chochote kwa siku kadhaa. Je, si njaa tu? Mwaka 2011 alichapisha utafiti wa watu 11 wa kisukari waliokula kalori 600 hivi kwa siku kwa wiki 8. Ndani ya wiki ya kwanza sukari yao ya asubuhi ilirudi katika hali ya kawaida, na mafuta yaliyokuwa yamejaa katika maini na kongosho yakapungua. Akiwa na Mike Lean wa Glasgow, akaupeleka mpango huo katika zahanati za kawaida za Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, ukisimamiwa na wauguzi na wataalamu wa lishe, kwa watu 306. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 ya waliofuata mpango walikuwa wametulia bila dawa. Baada ya miaka 2, asilimia 36. Mwaka 2020 Samuel Klein na wenzake wa St. Louis waliwalinganisha waliopungua asilimia 18 ya uzito kwa mlo na waliopungua kiasi hicho hicho kwa kisu, na wakakuta faida karibu sawa. Kwa hiyo ubishi kati ya panya wa Strasbourg na njaa ya Paris haujaamuliwa kikamilifu. Kwa maoni yangu upasuaji una nguvu kubwa kwa sababu unamwezesha mtu kubaki amepungua, kazi ambayo nia peke yake huishindwa.

Nasema nia peke yake huishindwa, na nalisisitiza, kwa kuwa hapo ndipo penye siasa. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua ghrelini, homoni ya tumbo inayoamsha njaa. Mtu akipungua kwa kujinyima, homoni hiyo hupanda na mwili humdai kilo zake kama mdai sugu. Miaka mitatu baadaye David Cummings wa Seattle akaonyesha kwamba kwa waliopasuliwa ilibaki chini. Homoni nyingine ya utumbo, inayoitwa GLP-1, huongezeka sana baada ya upasuaji. Katika hospitali ile ile ya Bronx alikofanyia kazi Yalow, John Eng aligundua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kemikali inayofanana na homoni hiyo katika mate ya mjusi mwenye sumu wa Marekani. Kutokana nayo ilipatikana dawa iliyoidhinishwa mwaka 2005, na jamaa zake ndizo sindano zinazozungumzwa leo duniani kote. Mtumishi wa umma mwenzangu atambue kwamba mnyororo huu ulianzia katika maabara ya hospitali ya serikali.

Ina maana gani kwetu? Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na kisha Uganda kwa karibu miaka 30 hadi 1958, aliandika kwamba kisukari na shinikizo la damu vilikuwa nadra kwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1989 Donald McLarty, Andrew Swai, Henry Kitange na wenzao wa Dar es Salaam walichapisha katika Lancet uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania: kisukari kilikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wenye miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban asilimia 9. Vipimo na umri wa waliochunguzwa vilitofautiana, kwa hiyo mtu asizigawanye tarakimu hizi kana kwamba ni bei za sokoni. Hata hivyo mwelekeo hauna ubishi, na kizazi kimoja hakitoshi kubadili damu ya taifa. Kilichobadilika ni mafuta ya kukaangia, soda, kazi za kukaa, na miji isiyo na njia za watembea kwa miguu.

Na sisi tuna mzigo wetu wa pekee wa maana. Kitambi kilikuwa cheo. Mtu aliyenenepa tulimwambia kwamba maisha yamemkubali. Kisha ukaja UKIMWI, ambao Uganda uliitwa kwa jina la wembamba wenyewe, Slim, na kukonda kukawa kashfa. Nimewafundisha vijana ambao wazazi wao wa kisukari walikataa kupungua kwa kuhofia midomo ya majirani. Sasa upepo umegeuka na mnene anaitwa mzembe, hata na wauguzi. Matusi hayo mawili, la jana na la leo, yote yanafanya mwili wa mtu kuwa ushahidi wa tabia yake, na yote yanapingana na kila nilichokieleza hapo juu.

Hospitali ya Taifa Muhimbili, kampasi ya Mloganzila, imekwisha kuanza huduma ya kuweka puto tumboni kwa ajili ya kupunguza uzito. Naunga mkono kuwapo kwake. Lakini magazeti yanaporipoti huduma hizo katika kurasa za urembo, na maofisa wa bima wakazisoma hivyo hivyo, tunarudia kosa la makala za 1925 na 1955: ujuzi unakaa katika rafu isiyo yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kitita cha mafao, na kitita ni uamuzi wa kisiasa hata kikipambwa kwa lugha ya kitaalamu. Je, mgonjwa aliyegunduliwa mwaka huu, ambaye ndiye mwenye nafasi kubwa ya kutulia, atalipiwa muuguzi wa kumsindikiza katika mlo mkali kwa miezi mitatu? Au bima itamngoja hadi afike kwenye usafishaji wa figo? Waliopasuliwa wanahitaji vitamini na madini maisha yao yote. Nani atayalipia huko wilayani? Mpango wa Uskoti haukuhitaji mashine. Ulihitaji pakiti za supu, mizani, na mhudumu aliyefundishwa anayepiga simu. Pia ulikuwa na mipaka yake: katika kundi lililoendelea kufuatiliwa, waliokuwa bado wametulia ilipofika mwaka wa tano walikuwa asilimia 13 tu, kwa sababu walirudi katika mitaa na maduka yale yale.

Hilo la maduka linatupeleka kwenye kodi ya vinywaji vyenye sukari na matangazo yake kwenye kuta za shule zetu. Nitaliandikia makala yake.